Darwen: klabu iliyowatoa jasho wana wa Eton, na namna ilivyokufa

SWALI: Hivi karibuni nimeangalia tamthilia ya televisheni kuhusu soka la kale la Uingereza. Ndani yake kuna timu ya wafanyakazi wa kiwanda cha pamba kutoka mji mdogo wa Darwen inayopambana na matajiri waliosoma Eton. Je, timu hiyo ilikuwepo kweli, au ni hadithi tu? Na kama ilikuwepo, mbona leo haisikiki hata katika madaraja ya chini? Ilikufaje?

JIBU: Ndugu msomaji, timu hiyo ilikuwepo, na sehemu kubwa ya ulichokiona kuhusu mechi zake na Old Etonians, timu ya watu waliosoma shule ya Eton, ina msingi katika kumbukumbu za wakati huo. Darwen Football Club ilianzishwa mwaka 1870 na ikavunjwa kwa amri ya mahakama mwaka 2009 kwa sababu ya deni. Hilo ndilo jibu fupi, lakini ukiishia hapo utadhani kwamba klabu iliishi miaka 139 kwa amani halafu ikaangushwa na bili isiyolipwa. Kwa maoni yangu kilichoiua Darwen kilitokea kati ya mwaka 1880 na mwaka 1899, na mahakama ya mwaka 2009 ilikuja kuzika tu. Isitoshe, kilichoiangusha ni kilekile ilichotangulia kukifanya kuliko karibu klabu zote za England: kumlipa mtu ili acheze mpira.

Mji wa Darwen uko Lancashire, kaskazini-magharibi mwa England, katika bonde lililobanwa na vilima vya nyika, kilomita chache tu kusini mwa mji mkubwa zaidi wa Blackburn. Miji yote miwili iliishi kwa pamba. Katika sensa ya mwaka 1881 Darwen ilikuwa na watu wapatao 30,000, na Blackburn ilikuwa na zaidi ya 100,000. Naomba uzikumbuke hesabu hizo mbili, kwa sababu sehemu kubwa ya yanayofuata inatokana nazo. Sheria za viwanda za karne ya 19 ziliwapa wafumaji na wasokotaji nyuzi mapumziko ya Jumamosi kuanzia mchana, na kufikia mwaka 1874 mashine zilitakiwa kuzimwa mapema alasiri. Kwa hiyo, tofauti na vibarua wa sehemu nyingi za nchi, mfanyakazi wa Lancashire alikuwa na nusu siku yake mwenyewe kila wiki, tena yenye mwanga wa jua wa kutosha kuchezea mpira. Mpira wenyewe uliletwa na vijana wa kitajiri. Katika Darwen walikuwa wana wa mwenye kiwanda waliokuwa wamesoma shule ya Harrow, nao waliporudi nyumbani walianza kucheza na wafanyakazi wa baba yao. Uwanja wao uliitwa Barley Bank, na mnamo Oktoba 1878 ulikuwa miongoni mwa viwanja vya mwanzo kabisa England kuchezewa mechi ya usiku chini ya taa za umeme.

Wakati huo Kombe la FA, lililoanza msimu wa 1871/72, lilikuwa mali ya waungwana wa kusini. Washindi wake walikuwa timu kama Wanderers, Royal Engineers, Oxford University na Old Etonians, yaani maofisa wa jeshi, mawakili na watu waliosoma shule za gharama. Uchezaji wao ulikuwa wa mtu mmoja kuuchukua mpira na kukimbia nao kwa chenga hadi anyang'anywe, huku wenzake wakimfuata nyuma tayari kuudaka ukimtoka. Scotland walikuwa wamekwisha kuanza mtindo mwingine: kugawana nafasi uwanjani na kupasiana. Mtindo huo ulifika Darwen kwa miguu ya wanaume wawili kutoka Partick, kando ya Glasgow, Fergus Suter na James Love, waliohamia mjini hapo mwaka 1878.

Suter alikuwa mwashi wa mawe. Hadithi yake ni kwamba aliacha ufundi huo kwa kuwa mawe ya England yalikuwa magumu kuliko ya Scotland na yalimvimbisha mikono. Watu wa Darwen, na zaidi wale wa timu pinzani, walijiuliza basi alikuwa akila nini. Miaka mingi baadaye, mwaka 1902, alieleza mwenyewe kwamba hakuwa na mshahara maalumu, ila ilieleweka kwamba haja ikitokea angekwenda kuonana na mtunza fedha wa klabu. Huenda wiki tatu zingepita bila kupewa kitu, kisha akaomba pauni 10, na hakuwahi kupata taabu kuzipata. Kwa kipimo cha mfumaji wa wakati huo, pauni 10 zilikuwa mshahara wa wiki kadhaa. Ndiyo maana Suter hutajwa mara nyingi kuwa mchezaji wa kwanza wa kulipwa duniani. Mimi ningesema kwa tahadhari zaidi kwamba ni miongoni mwa wa kwanza tunaowajua kwa majina, kwa sababu malipo ya siri kwa kawaida hayaachi stakabadhi. Love hakudumu. Alijiunga na askari wa majini wa Uingereza na akafa kwa homa nchini Misri mwaka 1882.

Sasa tufike kwenye mechi zilizokuleta kuuliza. Katika msimu wa 1878/79 Darwen walifika robo fainali ya Kombe la FA, wakapangwa na Old Etonians. Kanuni za wakati huo zilitaka mechi za hatua hiyo zichezwe London, kwenye uwanja wa kriketi wa Kennington Oval. Kwa Etonians hiyo ilikuwa safari ya jioni moja ndani ya jiji lao, lakini kwa Darwen ilikuwa zaidi ya kilomita 300 za treni. Mechi ya kwanza ilichezwa tarehe 13 Februari 1879, nayo ilikuwa siku ya Alhamisi, kwa hiyo mfumaji aliyeichezea timu yake alipoteza ujira wa siku ya kwenda na wa siku ya kurudi. Mwaka uliotangulia ulikuwa mbaya sana kwa pamba: wenye viwanda wa eneo hilo walikata mishahara kwa asilimia 10, wafanyakazi wakagoma kwa wiki nyingi, na mnamo Mei 1878 umati ukaichoma moto nyumba ya kiongozi wa waajiri huko Blackburn. Watu waliotoka katika mwaka wa namna hiyo ndio waliochanga senti zao ili wenzao wapate nauli.

Etonians walitangulia kwa mabao 5-1, na ilipokuwa imebaki takriban robo saa kila mtu aliyekuwepo Oval aliamini kwamba shughuli imekwisha. Darwen wakafunga mabao manne na mechi ikaisha 5-5. Wakataka muda wa nyongeza, na Etonians, walioonekana kuishiwa pumzi, wakakataa. Kanuni ziliwaruhusu kukataa, kwa hiyo siwezi kusema walidanganya, ila walijua fika kwamba kukataa kwao kulimaanisha mgeni apande treni upya kwa gharama yake. Mchango mpya ukaitishwa Darwen, na kwa heshima yao, chama cha FA na hata Old Etonians wenyewe walitoa sehemu. Tarehe 8 Machi timu zilitoka sare ya 2-2 hata baada ya muda wa nyongeza. Tarehe 15 Machi, baada ya safari ya tatu ndani ya wiki tano, Darwen walifungwa 6-2. Old Etonians wakaendelea na kulitwaa kombe lenyewe mwezi huohuo.

Hapa nakuomba utenganishe tamthilia na historia. Darwen hawakuwahi kutwaa Kombe la FA. Timu ya kwanza ya wafanyakazi kulitwaa ilikuwa Blackburn Olympic, waliowafunga Old Etonians 2-1 katika fainali ya mwaka 1883, na Suter hakuwemo ndani yake. Yeye alikuwa Blackburn Rovers, klabu nyingine kabisa, na ndiko alikotwaa kombe hilo mara tatu mfululizo, mwaka 1884, 1885 na 1886. Waandishi wa tamthilia wamezichanganya klabu hizo mbili za Blackburn kuwa moja. Siwalaumu sana, ila msomaji wa historia anapaswa kujua.

Namna Suter alivyofika Blackburn Rovers ndiyo kiini cha jibu langu. Mwaka 1880 Darwen ilikuwa juu. Ilikuwa ndiyo kwanza imetwaa Kombe la Lancashire lililoshindaniwa kwa mara ya kwanza, na waliofungwa katika fainali, tena kwa mabao 3-0, walikuwa Blackburn Rovers haohao. Majira ya joto ya mwaka huo Suter akahama, akaenda kilomita chache kaskazini. Watu wa Darwen walisema amenunuliwa, na hakuna aliyeamini kwamba amefuata hewa nzuri. Uhasama ukawa mkubwa kiasi kwamba mechi ya timu hizo mbili ya Novemba 1880 ilivunjika kwa fujo za mashabiki walioingia uwanjani. Nadhani watu wa Darwen walikuwa na haki ya kukasirika, lakini hawakuwa na haki ya kushangaa. Wao ndio walioonyesha kwamba fundi mzuri wa mpira anaweza kutolewa Glasgow kwa pesa. Blackburn wakaonyesha kwamba anaweza kutolewa Darwen kwa pesa zaidi. Mji wa watu 100,000 ulikuwa na viingilio vingi zaidi, wafanyabiashara wengi zaidi wa kutoa ufadhili na kazi nyingi zaidi za kumpa mchezaji ili malipo yake yaonekane halali.

Mabadiliko hayo hayakuonekana mara moja. Msimu wa 1880/81 Darwen waliwafunga Romford mabao 15-0 katika robo fainali ya Kombe la FA, kisha wakatolewa nusu fainali na Old Carthusians kwa 4-1. Lakini kanuni zilikuwa zinabadilika. Mwaka 1882 FA ilikataza malipo yoyote kwa wachezaji isipokuwa fidia ya ujira uliopotea na gharama za safari, klabu za kaskazini zikaendelea kulipa kwa siri, na baada ya mvutano mrefu FA ikasalimu amri mwaka 1885 na kuhalalisha wachezaji wa kulipwa. Tangu siku hiyo ushindani ukawa wa mifuko, kwa uwazi. Ligi ya kwanza duniani, Football League, ilipoanzishwa mwaka 1888 kwa timu 12, Blackburn Rovers, Burnley, Accrington, Bolton na Preston zilikuwemo, Darwen hawakuwemo. Mwaka uliofuata wakajiunga na ligi pinzani ya Football Alliance, na mwaka 1891, Football League ilipoongezwa kutoka timu 12 hadi 14, hatimaye wakaingia.

Waliingia wakati mbaya. Katika mechi 26 za msimu wa 1891/92 walishinda nne, wakafungwa mabao 112 na kushika mkia. Tarehe 4 Aprili 1892 West Bromwich Albion iliwafunga 12-0, matokeo ambayo hadi leo hakuna timu iliyoyapita katika daraja la juu la England, ingawa Nottingham Forest waliyafikia mwaka 1909. Darwen wakahamishiwa Daraja la Pili lililoundwa mwaka huo, wakapanda tena mwaka 1893 kwa kuwafunga Notts County 3-2 katika mechi ya mchujo, na msimu mmoja baadaye wakashuka kwa kufungwa 3-1 na Small Heath, klabu inayoitwa leo Birmingham City. Baada ya hapo hawakuliona tena daraja la kwanza. Siku zao nzuri bado zilikuwepo: siku ya pili ya Krismasi ya mwaka 1896 wao nao waliwafunga Walsall 12-0.

Shabiki wa soka wa kwetu huenda asijue Darwen, lakini anawajua waliokuwa nao. Msimu wa 1898/99, katika Daraja la Pili la timu 18, walikuwemo Manchester City, Newton Heath ambao sasa ni Manchester United, na Woolwich Arsenal ambao sasa ni Arsenal. Darwen walicheza ligi moja na wote hao, nyumbani na ugenini, na huo ndio uliokuwa msimu wao wa mwisho. Walifungwa mechi 18 mfululizo. Walifungwa 10-0 mara tatu: na Manchester City mwezi Februari, na Walsall mwezi Machi, na Loughborough tarehe 1 Aprili. Newton Heath nao waliwapa 9-0 mkesha wa Krismasi. Mwisho wa msimu walikuwa wameshinda mechi mbili, wametoka sare tano na kupoteza 27. Walikuwa na pointi 9, mabao 22 ya kufunga na 141 ya kufungwa. Hakuna timu ya Football League iliyowahi kufungwa mabao mengi zaidi katika msimu mmoja.

Watu huzitaja takwimu hizo kwa kicheko, nami sioni cha kuchekesha. Klabu iliyofika hali hiyo ni klabu iliyoishiwa pesa. Bila pesa, mchezaji mzuri hakai, na anapoondoka watazamaji hupungua, kiingilio kinapungua nao, na mwezi unaofuata huondoka mwingine. Wakati huo ilikuwa bado miaka miwili kabla FA kuweka kikomo cha mshahara cha pauni 4 kwa wiki, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kuizuia klabu tajiri kumwita yeyote. Utaratibu wa Football League ulizitaka timu za mkiani ziombe kura za wanachama wenzao ili zibaki. Darwen hawakuomba. Mwaka 1899 walitoka, wakarudi kwenye ligi za Lancashire, wakahama Barley Bank na kwenda Anchor Ground, uwanja waliokaa nao hadi mwisho.

Hapa inabidi nieleze kidogo maana ya kuwa nje ya Football League, kwa sababu ndiyo hali iliyodumu miaka 110 iliyobaki. Mfumo wa leo wa ngazi, ambapo timu ya kijiji inaweza kwa nadharia kupanda daraja hadi daraja hadi Ligi Kuu, ni wa juzi tu. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, njia pekee ya kuingia Football League ilikuwa kupigiwa kura na waliomo, na waliomo kwa kawaida walipigiana kura wao kwa wao. Ni mwaka 1987 tu ambapo bingwa wa ligi ya nje alianza kupanda moja kwa moja, kwa sharti la kuwa na uwanja unaokubalika. Kwa hiyo Darwen walipotwaa ubingwa wa Lancashire Combination mwaka 1931 na tena mwaka 1932, ubingwa huo haukuwapeleka popote.

Msimu huo wa 1931/32 unastahili kuangaliwa kwa karibu. Biashara ya pamba ya Lancashire ilikuwa inakufa. India, iliyokuwa soko lake kubwa, ilikuwa inajitengenezea nguo na pia inasusia za Uingereza. Mwishoni mwa Septemba 1931 Mahatma Gandhi, aliyekuwa Uingereza kwa mazungumzo ya katiba ya India, alikuja Darwen kwa mwaliko wa familia yenye kiwanda, akalala katika kitongoji cha Spring Vale na kukutana na wafanyakazi ambao susio lake lilikuwa limechangia kuwanyima kazi. Picha yake akiwa katikati ya wanawake wa kiwandani wanaomshangilia ilipigwa hapo Darwen na imezunguka dunia nzima. Miezi mitatu na ushei baadaye, tarehe 9 Januari 1932, timu ya mji huohuo ilisafiri kwenda London kucheza raundi ya tatu ya Kombe la FA dhidi ya Arsenal ya kocha Herbert Chapman, bingwa wa England wa wakati huo. Arsenal walishinda 11-1. Kwa mji uliokuwa na mashine zilizosimama, sehemu ya viingilio vya Highbury, uwanja wa Arsenal, bila shaka ilikuwa na thamani kuliko matokeo, na lile bao moja walilifunga katika uwanja ambao timu nyingi za Daraja la Kwanza zilikuwa zinaondoka bila bao.

Miaka iliyofuata naipita haraka. Lancashire Combination iliungana na ligi jirani mwaka 1982 na kuwa North West Counties League, na Darwen wakawa miongoni mwa waanzilishi wake, wakibaki katika ngazi za chini za soka lisilo la Football League, ambako wachezaji wana kazi zao za mchana na klabu huendeshwa na watu wa kujitolea. Klabu za namna hiyo huishi kwa kiingilio cha watu mia moja au mia mbili, mauzo ya baa ya klabu na hisani ya mfanyabiashara mmoja wa mtaani. Deni ambalo klabu kubwa isingeligundua kwenye vitabu vyake linaweza kuifikisha klabu ya namna hiyo mahakamani, na mwaka 2009 likaifikisha. Wakati huohuo Blackburn Rovers, waliomchukua Suter, walikuwa wakicheza Ligi Kuu, wakiwa wameshaitwaa mwaka 1995 kwa pesa za Jack Walker, mfanyabiashara wa chuma wa mjini mwao. Hata karne moja baadaye, jirani bado alikuwa na mfadhili mkubwa zaidi.

Swali lako la mwisho ni mbona haisikiki. Mwaka uleule wa 2009 wapenzi wa mpira wa mji huo walianzisha klabu mpya, AFC Darwen, iliyocheza Anchor Ground na kuanzia chini, katika West Lancashire League. Kisheria hiyo si klabu ya mwaka 1870. Ni taasisi nyingine, na mabao 141 ya mwaka 1899 hayamo kwenye rekodi zake, wala mabao manne ya robo saa ya mwisho kule Oval. Ukitaka kuifuatilia, itafute kwa jina hilo la AFC Darwen. Ukitaka ile ya Suter, utaipata katika vitabu vya takwimu vya Football League, misimu minane kuanzia 1891/92 hadi 1898/99, na katika orodha ya matokeo ya Kombe la FA.